Kikombe Kando ya Sahani: Chai za Mitishamba na Madini ya Chuma

Mjamzito anayehudhuria kliniki hupewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, na pamoja navyo onyo: usimeze kwa chai. Onyo hilo mara nyingi hufika nyumbani likiwa nusu. Anayesikia "chai" huelewa majani ya pakiti, na anayetafuta sababu huambiwa na jirani kwamba tatizo ni kafeini. Basi anahamia kwenye mchaichai, mnanaa, mdalasini, karafuu au choya (rozela), na moyo wake unatulia. Hivi ni vya asili, havina kafeini, na baadhi yake vinauzwa kabisa kwa sifa ya kuongeza damu. Kuna ubaya gani kumezea vidonge?

Kafeini haihusiki hata kidogo. Kinachozuia chuma kisiingie mwilini ni kundi jingine la kemikali linaloitwa polifenoli, na tanini ni ukoo mmoja ndani ya kundi hilo. Karibu kila mmea unazo. Ila si kila mmea una aina ileile, na si kila aina ina nguvu sawa. Ndiyo maana mtu mmoja atakwambia chai za mitishamba zinakausha damu, mwingine ataapa kuwa hazina neno, na kila mmoja ana utafiti wa kukuonyesha.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho asage kidonge kimoja cha chuma, atie unga wake kwenye glasi ya chai ya rangi iliyopoa. Chai ile ya kahawia inageuka nyeusi yenye kivuli cha bluu, na baada ya muda mashapo meusi yanatua chini. (Mwaga kisha uoshe glasi, na vidonge virudishwe mahali ambapo mtoto hafiki. Vidonge vya chuma ni sumu kali kwa mtoto mdogo.) Kwa karne nyingi Ulaya na nchi za Kiarabu zilitengeneza wino wa kuandikia kwa njia hiihii, kwa kuchanganya chumvi ya chuma na tanini ya uvimbe unaoota kwenye miti ya mialoni. Anayepika naye ameshaliona: kisu cha chuma cha kawaida kikikata bibo au ndizi mbichi, ubavu wake unaingia weusi ambao sabuni haiutoi kwa urahisi. Magome ya mikoko ya Delta ya Rufiji yaliwahi kuvunwa na kusafirishwa nje kwa wasindika ngozi kwa sababu ya tanini iliyojaa ndani yake. Tanini hushika protini za ngozi mpaka ngozi ikawa haiozi, na chuma nacho hukishika vivyo hivyo.

Kinachotokea kwenye glasi ndicho kinachotokea, kwa kiasi fulani, tumboni.

Chuma kinavyopita utumboni

Chuma cha chakula kiko cha namna mbili. Kuna chuma cha hemu, kinachopatikana kwenye nyama, ini, kuku na samaki. Hiki kimefungwa katikati ya pete ya kemikali, na huingia kwenye ukuta wa utumbo kikiwa bado ndani ya pete yake. Mwili huchukua asilimia 15 hadi 35 yake. Halafu kuna chuma kisicho cha hemu, ndicho chuma chote cha maharage, mchicha, ulezi na ngano, ndicho kinachoongezwa viwandani kwenye unga, na ndicho kilichomo kwenye vidonge vya kliniki. Hata nyama ina sehemu yake ya chuma cha namna hii. Hakina pete ya kukilinda, na kiasi kinachofyonzwa hupanda na kushuka kati ya asilimia 2 na 20, kutegemea kimeliwa pamoja na nini.

Asidi ya tumbo hukiyeyusha. Kinaposhuka kwenye mwanzo wa utumbo mwembamba, mahali hasa pa kufyonzwa, asidi inapungua ghafla na chuma kinaanza kushikamana na chochote kilicho karibu. Kikikuta vitamini C, kinabaki kimeyeyuka na kugeuzwa kuwa katika hali ambayo mlango wa seli za utumbo unaikubali. Kikikuta fitati, kemikali iliyomo kwenye nafaka na kunde, kinagandamana nayo. Kikikuta polifenoli yenye vikundi viwili au vitatu vya haidroksili (oksijeni na haidrojeni zilizoungana) vilivyokaa bega kwa bega, kinabanwa pande mbili kwa wakati mmoja. Hapo ni kama abiria aliyefika kituoni akiwa ameshikwa mikono yote na askari: basi lipo, mlango uko wazi, lakini hapandi. Chuma hicho kinaendelea na safari na kutoka na choo.

Kiasi kinachotosha kuleta madhara haya ni kidogo mno. Mwaka 1989 Mats Brune na wenzake wa Göteborg, Sweden, waliwalisha watu mkate na kuongeza asidi ya taniki. Milligramu 5 zilipunguza chuma kilichofyonzwa kwa asilimia 20, milligramu 25 kwa asilimia 67, na milligramu 100 kwa asilimia 88. Kikombe cha chai ya rangi iliyokolea kina polifenoli zaidi ya hizo milligramu 100.

Chuma cha hemu kinasalimika. Watafiti wa Afrika Kusini waliochapisha matokeo yao mwaka 1975 walikuta chai inazuia chuma cha mkate, cha wali na cha supu ya viazi na vitunguu, lakini himoglobini iliyopikwa, yaani protini ya damu inayobeba hemu, haikuguswa. Jambo hili linasaidia kueleza kitu ambacho wageni hushangaa wakifika kwa Wamasai. Supu ya nyama huchemshwa pamoja na magome na mizizi, olkiloriti ikiwa mojawapo, nayo ni mti wa jamii ya migunga wenye tanini nyingi. Mtu angedhani supu hiyo ingewaletea upungufu wa damu. Lakini sehemu kubwa ya chuma cha nyama na damu imo ndani ya pete, na tanini haina pa kuishikia. Desturi hiyohiyo ukiihamishia kwenye nyumba inayokula ugali na maharage siku sita kwa wiki, hesabu inabadilika.

Majani hayalingani

Utafiti unaopaswa kujulikana zaidi katika mada hii ni wa Richard Hurrell, Manju Reddy na James Cook, uliochapishwa mwaka 1999. Waliojitolea walikula mkate wenye chembe ndogo ya chuma chenye mionzi, wakanywa vinywaji mbalimbali, kisha baada ya wiki mbili damu yao ikapimwa kuona ni chuma kiasi gani kilichofika kwenye chembe nyekundu. Mkate na maji ndio uliokuwa kipimo cha kulinganishia. Chai ya rangi ilipunguza ufyonzwaji kwa asilimia 79 hadi 94, kutegemea ilivyokolea. Kakao ilipunguza kwa asilimia 71. Kisha ikaja zamu ya mitishamba isiyo na kafeini: kamomila asilimia 47, na mnanaa, huu tunaoutia kwenye chai kwa ajili ya harufu na kuwapa wenye gesi tumboni, asilimia 84.

Namba hiyo ya mnanaa ndiyo iliyonifanya nione kuwa ulimi si mwongozo wa kutegemewa. Ukakasi unaousikia ukila bibo au ukinywa chai iliyokaa mno kwenye birika hutokana na tanini kushikana na protini za mate, kwa hiyo kinywaji chenye ukakasi ni sahihi kukishuku. Mnanaa hauna ukakasi wa maana. Ulicho nacho ni asidi ya rosmariniki, molekuli ndogo yenye jozi mbili za haidroksili zilizokaa jirani, ambayo haisumbui ulimi lakini inakamata chuma barabara. Mrehani na kivumbasi ni wa familia moja na mnanaa na wana asidi hiyohiyo. Anayekunywa maji ya kivumbasi baada ya kula hataonja onyo lolote.

Upande wa pili kuna rooibos, majani mekundu ya milima ya magharibi mwa Afrika Kusini ambayo siku hizi yanapatikana kwenye maduka makubwa ya Dar es Salaam na Nairobi. Mwaka 1979 watafiti wa huko waliwagawa vijana wa kiume katika makundi matatu na kuwapa chuma pamoja na kinywaji. Waliokunywa maji walifyonza asilimia 9.34, wa rooibos asilimia 7.25, na wa chai ya kawaida asilimia 1.70. Kundi lilikuwa dogo, na chuma kilitolewa bila mlo kamili, kwa hiyo namba hizo zisibebwe kama sheria. Bado tofauti kati ya 7.25 na 1.70 si ya kupuuzwa.

Tangawizi nayo ina sababu ya kuachwa huru. Kemikali yake kuu ya ukali ina haidroksili moja tu kwenye pete yake ya kaboni, na nafasi ya jirani imezibwa, hivyo haina jozi ya kubania chuma. Manjano ina umbo linalokaribiana na hilo, na mwaka 2006 watafiti waliofanya kazi na wanawake wa Thailand waliipima pamoja na pilipili. Pilipili ilipunguza ufyonzwaji wa chuma kwa asilimia 38. Manjano haikupunguza, ijapokuwa kipimo chake kilikuwa na polifenoli nyingi kuliko cha pilipili. Umbo la polifenoli lina uzito kuliko jumla yake. Ndiyo maana orodha za mitandaoni zinazopanga mitishamba kwa "wingi wa polifenoli" hazimsaidii mtu anayejali chuma.

Karafuu ni jambo jingine. Harufu yake inatoka kwenye mafuta ambayo hayana shida, lakini karafuu yenyewe ina tanini za kutosha, na anayechemsha karafuu nyingi mpaka maji yakawa meusi anakunywa tanini hizo. Mdalasini ni gome, na magome mengi yana tanini. Vipande viwili vya mdalasini kwenye sufuria ya chai ya familia si hoja, kwa kuwa majani ya chai yaliyomo humo yameshaifanya kazi yote. Majani ya mpera, yanayochemshwa kwa ajili ya kuhara, yana tanini nyingi. Mtu mwenye tumbo la kuhara wala hafikirii chuma kwa siku hizo mbili, kwa hiyo sioni haja ya kumtisha. Anayeyanywa kila siku "kusafisha tumbo" ndiye ninayemfikiria.

Mchaichai uko katikati. Unazo polifenoli zenye jozi, lakini kidogo, na watu huuchemsha kwa ajili ya harufu, maji yakiwa mepesi.

Halafu kuna vinywaji vinavyosifiwa kuwa vinaongeza damu, na hapa nitasema bila kuzunguka. Wekundu wa damu unatoka kwenye hemu. Wekundu wa choya unatoka kwenye anthosayanini, rangi za ukoo mmoja na zile za zabibu nyeusi, na wa bitiruti unatoka kwenye rangi nyingine kabisa. Hakuna hata mmoja kati ya wekundu huo ulio chuma. Choya ina asidi za matunda ambazo husaidia chuma kibaki kimeyeyuka, na ina polifenoli ambazo huvuta upande mwingine. Vitamini C iliyokuwamo ikiwa mbichi hupungua sana ikikaushwa na kuchemshwa. Ni kinywaji kizuri cha baridi, nakipenda, lakini mtu aliyepimwa na kukutwa na himoglobini 8, kiwango kilicho chini ya kawaida, asiagizwe kunywa choya na kurudi baada ya mwezi.

Mlonge unabeba sifa kubwa zaidi. Takwimu inayonukuliwa mara nyingi ni milligramu 28 za chuma kwa gramu 100 za unga wa majani makavu, na ikisomwa hivyo inaonekana ni hazina. Lakini hakuna anayekula gramu 100. Kijiko cha chai kina gramu 2 au 3, yaani chini ya milligramu 1 ya chuma, wakati mwongozo wa Marekani unamtaka mwanamke anayepata hedhi apate milligramu 18 kwa siku na mjamzito 27. Na hiyo ni kwa anayekula unga wenyewe. Anayeuloweka kwenye maji ya moto kisha akachuja anamwaga sehemu kubwa ya chuma pamoja na makapi. Potasiamu hutoka kwenye majani kwenda kwenye maji kwa urahisi, lakini chuma na kalsiamu hung'ang'ania majani. Kwa hesabu hiyo, kikombe cha mitishamba kinaweza kukupa robo ya milligramu na kukunyang'anya zaidi ya hiyo kutoka kwenye sahani iliyo kando yake.

Maziwa, ndimu na saa ya kunywa

Wanaokunywa chai ya maziwa hujiona wamenusurika, kwa hoja kwamba protini za maziwa zinazifunga tanini kabla hazijafika utumboni. Hoja ina mantiki, ila Hurrell na wenzake waliijaribu: kutia maziwa kwenye chai na kahawa hakukubadili kitu cha maana. Kalsiamu ya maziwa yenyewe, ikiwa nyingi katika mlo, hupunguza pia chuma kinachofyonzwa.

Ndimu ina msaada wa kweli kwa sababu ya vitamini C, lakini kiasi ndicho kinachoamua. Vipimo vinavyoonyesha tofauti kubwa hutumia milligramu 25, 50 au zaidi za vitamini C ndani ya mlo. Matone ya ndimu kwenye kikombe cha chai ya rangi huleta milligramu mbili tatu, zikiingia kwenye maji ya moto yenye mamia ya milligramu za polifenoli. Ndimu hiyohiyo ikamuliwe juu ya mchicha au maharage baada ya kuepuliwa, au mtu ale chungwa zima au pera mezani. Dagaa kidogo kwenye mboga nao wana kazi: nyama na samaki, hata wakiwa wachache, huongeza ufyonzwaji wa chuma cha mboga iliyoliwa pamoja nao.

Kuhusu saa, tafiti mbili zinazonukuliwa sana zinaonekana kupingana. Mwaka 1983 Timothy Morck, Sean Lynch na James Cook walikuta kahawa inayonywewa saa moja kabla ya kula haizuii chochote, lakini ikinywewa saa moja baada ya kula inazuia sawasawa na ikinywewa pamoja na chakula. Mwaka 2017 watafiti wa King's College London waliwapa wanawake 12 uji ulioongezwa chuma pamoja na chai. Chai ya papo hapo ilipunguza ufyonzwaji kwa asilimia 37, na chai iliyocheleweshwa kwa saa moja ikapunguza kwa asilimia 18 tu. Kahawa si chai, na mlo wa kwanza ulikuwa mzito wa mkate na nyama huku wa pili ukiwa uji. Tumbo hutoa chakula kidogo kidogo kwa muda wa saa mbili hadi nne, na mlo mzito unakaa zaidi. Kikombe kinachofika saa moja baadaye kinakuta chakula kingi bado kipo.

Kwa hiyo ninavyolisoma mimi, anayejali chuma anywe kikombe chake saa moja kabla ya kula, au angoje saa mbili hivi baada ya kula. Ikiwa mlo ni wali na nyama na mtu mwenyewe hana upungufu, hakuna haja ya kuangalia saa.

Shida yetu ni kwamba kwenye mlo wa asubuhi kikombe ndicho chenyewe mlo. Chai inachemshwa kwanza, kisha huulizwa itanywewa na nini: chapati, maandazi, mihogo, mkate, maharage ya jana. Na unga wa ngano wa viwandani una chuma ndani yake, kilichoongezwa kwa makusudi. Tanzania ilitunga kanuni za kurutubisha unga mwaka 2011, na Kenya ikaufanya urutubishaji wa ngano na mahindi kuwa wa lazima mwaka 2012. Mradi huo unagharimu fedha na kazi. Kinachofuata ni chapati iliyorutubishwa kuteremshwa kwa vikombe viwili vya chai ya rangi. Baadhi ya unga hutumia chuma kilichofungwa na kemikali iitwayo EDTA, ambayo hukikinga dhidi ya fitati vizuri kuliko dhidi ya chai. Ni ajabu kidogo kwamba bango la unga uliorutubishwa dukani halina mstari mmoja kuhusu kinywaji.

Uji wa asubuhi una kesi yake. Ulezi mwekundu una tanini kwenye ganda lake, na mtama mwekundu vilevile, kwa hiyo kizuizi kimo ndani ya bakuli kabla hata hujashika kikombe. Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na wenzake wa Sweden walionyesha mwaka 1993, kwa vipimo vya maabara, kwamba kuchachusha uji pamoja na kimea, kama tunavyofanya kwenye togwa, huvunja fitati na kuacha chuma kingi zaidi kikiwa kimeyeyuka. Nafaka zenye tanini nyingi hazikufaidika sawa, kwa sababu tanini huzuia pia kimeng'enya kinachovunja fitati. Togwa ya mahindi au ya mtama mweupe ni mpango mzuri kuliko unavyodhaniwa.

Madini mengine niyataje kwa haraka. Zinki husumbuliwa zaidi na fitati ya nafaka kuliko na chai. Kalsiamu adui yake mkubwa ni oksaleti, kemikali ya mimea inayoifunga, na hiyo imejaa kwenye mboga kama spinachi na mchicha. Mwili huchukua takriban asilimia 5 tu ya kalsiamu ya spinachi, huku ile ya maziwa ikikaribia asilimia 27. Oksaleti iliyomo kwenye kikombe cha mitishamba ni ndogo kuliko ya mboga hizo. Manganizi ndiyo inayopatikana kwa kweli kutoka kwenye chai. Anayenywa chai ya rangi kila siku hapungukiwi manganizi.

Nani ashughulike na haya

Namba zote hizo za asilimia 60 na 80 ni za mlo mmoja, kwa mtu aliyelala bila kula na kupewa mkate na kikombe. Kwenye maisha ya wiki nzima athari hupungua. Milo hubadilika, na chuma kilichokosekana asubuhi hupatikana jioni. Mate ya anayezoea tanini huzifunga baadhi yake mapema. Zaidi ya yote, mwili unapima. Akiba ya chuma ikishuka, ini hupunguza homoni ya hepsidini na utumbo unafungua mlango zaidi. Mwanamume mwenye afya anayekula nyama mara kadhaa kwa wiki, au mama aliyekoma hedhi, anaweza kunywa mnanaa baada ya pilau bila kutikisika. Kuna hata wanaonufaika. Wagonjwa wenye ugonjwa wa kurithi wa mwili kulimbikiza chuma walifuatiliwa Ujerumani katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, na waliokunywa chai pamoja na milo walilimbikiza chuma kidogo kuliko wasioinywa.

Lakini mlango ukifunguliwa zaidi, askari hawaondoki. Wanawake wa Bangalore, India, walipimwa mwaka 2008, wenye damu ya kutosha na wenye upungufu. Kikombe kimoja cha chai pamoja na wali kilipunguza ufyonzwaji kwa asilimia 59 kwa kundi la kwanza na 49 kwa la pili. Vikombe viwili vilipunguza kwa asilimia 67 na 66. Mwenye upungufu hufyonza zaidi tangu mwanzo, kisha chai inamkata karibu sawa na mwenzake.

Hao ndio wa kuangaliwa: wajawazito, wanaopata hedhi nzito, wasichana wanaokua, wasiokula nyama, wanaochangia damu mara kwa mara, na watoto chini ya miaka 5. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 nchini Tanzania ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, na kwa asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59. Si wote kwa sababu ya chakula. Malaria, safura, kichocho na selimundu vina sehemu kubwa, na mtu mwenye safura anaweza kuacha chai mwaka mzima huku minyoo ikiendelea kunywa damu yake. Mwenye kizunguzungu, weupe wa viganja na kuchoka bila sababu akapimwe damu kwanza, ikiwezekana na feritini (kipimo cha akiba ya chuma), kabla hajabadilisha kikombe.

Anayemeza vidonge vya chuma avimeze kwa maji au maji ya chungwa, na avitenge na kila kikombe cha majani, kiwe cha pakiti, cha shambani au cha duka la dawa za asili. Kichefuchefu kikimzidi, avimeze usiku wakati wa kulala, mbali na chai ya jioni. Hilo linawasaidia wengi, na choo kuwa cheusi kisimtishe.

Mtoto mdogo ndiye ambaye ningemtetea kwa sauti kubwa zaidi. Nyumba nyingi humpa chai ya rangi yenye sukari na kipande cha andazi tangu hajatimiza mwaka, kwa kuwa maziwa ni ghali na chai inamtuliza. Israel, ambako desturi hiyo ilikuwapo, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 1985 walikuta upungufu wa damu wa chembe ndogo, ule unaoashiria kukosa chuma, ni wa kawaida zaidi kwa watoto waliokuwa wakipewa chai kuliko kwa wasiopewa. Chai hiyo ikibadilishwa kuwa mchaichai mwepesi atakuwa amepunguziwa tanini, lakini bado tumbo lake dogo linajazwa maji matamu. Anahitaji uji wenye dagaa waliosagwa, embe au papai lililopondwa baada yake, ini kidogo siku linapopatikana, na maji ya kunywa.